Waya, akaunti ya mtandaoni au simu? Namna ya kupeleka faili la njia kwenye GPS ya baiskeli

Umechora njia kwenye kompyuta: kutoka Mwanza mjini kupitia Igoma na Kisesa mpaka Magu, kama kilomita 60, pamoja na kipande cha vumbi ambacho mwenzako amekuambia kinapitika kiangazi. Faili lipo kwenye kompyuta, GPS imefungwa kwenye usukani wa baiskeli. Kulitoa huku kulipeleka kule kuna mbinu tatu za kila siku na moja ya dharura: waya wa USB, akaunti ya mtandaoni, programu ya simu, na mwisho kabisa OTG (adapta ya kuunganisha GPS na simu kwa waya) au memori kadi.

Watu hubishana ipi ina kasi. Ubishi huo hauna maana. Njia ya kilomita 100 yenye pointi moja kila mita 10 ina pointi 10,000; ukihesabu herufi kama 80 kwa kila pointi, faili halifiki MB 1. Hata kwa bando lililobaki kiduchu linapita. Kinachotofautisha mbinu hizi ni mahali zinapokwama, na kama zikikwama utajua au hutajua. Waya ukikataa, unauona umekataa. Akaunti ya mtandaoni inaweza kukuambia "imetumwa" huku kifaa hakijapokea kitu, nawe ukagundua saa kumi na moja alfajiri wenzako wakikusubiri.

Kwa hiyo kila mbinu hapa inaulizwa maswali yaleyale: inahitaji nini, na je, intaneti imo, hatua zake ni zipi, ndani ya faili kinabaki nini likifika, inakwama wapi, na inamfaa nani.

## Kwanza faili lenyewe

Lawama nyingi zinazotupiwa waya au Bluetooth ni za faili. Dakika mbili za kulikagua zinaokoa saa nzima ya kuchomeka na kuchomoa, ndiyo maana tunaanzia hapa.

GPX ni aina ya faili la njia, maandishi ya kawaida ya XML. Toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2004, na karibu kila kifaa hulipokea. TCX ni ya Garmin, kampuni ya vifaa vya GPS, na uzuri wake ni kwamba hubeba maelekezo ya kona: kata kulia, kata kushoto. FIT ni faili la mashine, dogo sana, huwezi kulisoma kwa macho. KML na KMZ, zinazotoka Google Earth na My Maps, hazipokelewi na GPS nyingi za baiskeli. Ukipewa KML, ligeuze kwanza. GPSBabel ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo bila intaneti.

Fungua GPX kwa Notepad, kisha tazama mambo matatu.

La kwanza: tafuta neno `trkpt`. Likiwepo mara mamia au maelfu, hiyo ni njia kamili, hatua kwa hatua. Ukikuta `rtept` chache, tuseme sita, hiyo ni orodha ya vituo tu. Kifaa kitajaribu kujipangia barabara, na kikishindwa kitaunganisha vituo kwa mistari iliyonyooka. Kwa njia ya Mwanza hadi Sengerema, mstari huo unakatisha katikati ya Ghuba ya Mwanza, na baiskeli haiogelei. Amri ifuatayo hugeuza vituo kuwa mstari wa njia:

`gpsbabel -i gpx -f zamani.gpx -x transform,trk=rte -o gpx -F mpya.gpx`

Lakini haiongezi pointi ambazo hazikuwepo. Kama vituo ni sita, rudi ulikochorea njia, uitoe tena ikiwa kamili.

La pili: alama ya kutoa. Mwanza iko kusini mwa Ikweta, karibu `lat="-2.51" lon="32.91"`. Mtu akinakili namba kwa mkono au kupitia jedwali, alama ile hudondoka kirahisi, na njia nzima huenda kulala kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira. Akibadilisha nafasi ya namba mbili hizo, utajikuta mashariki mwa Moroko. Kifaa hakitalalamika, kitakuambia tu kwamba mwanzo wa njia uko mbali mno.

La tatu: mwinuko, yaani `ele`. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo kando ya ziwa utegemee namba za 1,130 na kuendelea. Ukiona sifuri tupu, au `ele` haipo kabisa, kifaa hakitakuwa na mchoro wa milima iliyo mbele.

Halafu jina. Vifaa vingi vinaonyesha jina lililo ndani ya faili, kwenye `name`, wala si lile uliloliandika nje. Kwenye TCX jina hilo limewekewa kikomo cha herufi 15, na jina la kila kona herufi 10. "Safari ya Jumamosi kwenda Magu kupitia Kisesa" itakatwa kuwa "Safari ya Jumam", na ukiwa na nne za namna hiyo hutajua ipi ni ipi. Andika MZA-MAGU-60.

Mwisho, Windows hupenda kuficha mkia wa faili. Unaloliona kama `magu.gpx` linaweza kuwa `magu.gpx.txt`. Washa uonyeshaji wa mikia kabla hujaanza kulaumu kifaa.

## Mbinu ya kwanza: waya kutoka kompyuta

Inachohitaji. Kompyuta na waya unaopitisha data. Intaneti haihitajiki hata chembe. Garmin Edge 530, 830 na 1030 zinatumia micro-USB. 540, 840 na 1040 zinatumia USB-C. Maneno "unaopitisha data" yana uzito, kwa sababu waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data, na nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa mitaani zimeachwa na zile mbili za umeme tu. Kifaa kitachaji vizuri, kompyuta haitakiona. Jaribu waya huohuo kwa simu: kama simu haikuulizi habari ya kuhamisha mafaili, huo ni wa chaji, mrudishe kazini kwake.

Mbinu hii inakubaliwa na Garmin Edge na Wahoo ELEMNT. Vifaa vingi vya bei ndogo navyo hufunguka kwenye kompyuta kama flashi, lakini ni kwa ajili ya kutoa safari ulizorekodi. Njia mpya vinataka kuletewa na simu. Angalia kijitabu cha kifaa kabla ya kununua, si baada ya kununua.

Hatua, kwa Garmin.

1. Chomeka kifaa, subiri kompyuta ikionyeshe.
2. Fungua folda iitwayo Garmin, kisha NewFiles. Usiweke GPX kwenye Courses, hiyo ni ya mafaili ambayo kifaa kimeshayageuza.
3. Nakili faili au mafaili yako humo. Hata kumi kwa mpigo ni sawa.
4. Ondoa kifaa kwa usalama kwenye kompyuta, ndipo uchomoe.
5. Kiache kiwake chenyewe. Wakati wa kuwaka ndipo kinaposoma NewFiles, kugeuza kila faili kuwa FIT na kulihamishia Courses.
6. Kwenye kifaa ingia Navigation, kisha Courses, hakikisha njia ipo na umbali wake ni ule unaoutegemea.

Kwa Wahoo folda inaitwa routes. Ukishanakili, ingia ukurasa wa njia kwenye kifaa, usawazishe.

Edge mpya, mfano 540 na 840, hazionekani kama diski yenye herufi yake. Zinatumia MTP, utaratibu uleule wa simu za Android. Windows inazifungua bila shida. Mac haijui MTP, hivyo unahitaji programu ya ziada kama OpenMTP, na ni lazima ufunge Garmin Express, programu ya Garmin ya kompyuta, kwanza, kwa kuwa huking'ang'ania kifaa na kuinyima programu nyingine nafasi.

Kinachofika. Kila kilichokuwemo ambacho kifaa kinakielewa. Hakuna seva katikati ya kusahihisha njia yako, na hili lina faida na hasara: kona za TCX zinabaki mahali pake, kipande cha vumbi kinabaki vilevile ulivyokichora, lakini pia makosa yako yanafika yakiwa mazima.

Waya pia ndio mbinu inayofaa zaidi kwa ramani. Edge iliyonunuliwa Ulaya mara nyingi huja na ramani za kwao; ukiiwasha Nyakato, Mwanza, unaona mstari wa njia juu ya uwanja mtupu. Ramani ya Tanzania iliyotokana na OpenStreetMap ni faili la `.img` lenye mamia ya MB, nalo huingia kwa waya kwenye folda ya Garmin. Mstari utafuatika hata bila ramani, ila maelekezo ya kona yanayokokotolewa na kifaa chenyewe yanategemea ramani iliyomo. Mfano ulio karibu ni Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ramani ya kabla ya hapo haijui daraja, inajua kivuko. Faili lako likipita darajani, kifaa chenye ramani ya zamani kitadhani umeingia majini na kuanza kukupangia upya. Zima upangaji upya wa njia kwa safari hiyo, fuata mstari. Au weka ramani mpya.

Panapokwama. Ukikuta faili bado liko NewFiles baada ya kifaa kuwaka, maana yake limeshindwa kugeuzwa: ni KML iliyobandikwa jina la GPX, au faili limekatika mwishoni. Ukichomoa bila kuondoa kwa usalama, faili linaweza kufika nusu. Na kuna balaa la kompyuta za steshenari. Edge za zamani zinajitokeza kama flashi, na virusi vya flashi havichagui: vinaficha folda, vinaweka njia za mkato badala yake, vingine vinahamishia kila kitu kwenye folda isiyo na jina. Kifaa hakiugui kama kompyuta, lakini kikiwaka kisikute folda yake ya Garmin mahali pake, njia zako hakizioni. Kama lazima utumie kompyuta ya dukani, usichomeke GPS. Jitumie faili kwenye simu, uende na mbinu ya tatu.

Inamfaa nani. Mwenye kompyuta yake, anayepakia njia nyingi kwa pamoja, anayepita njia zisizo kwenye ramani, au asiyetaka kutegemea mtandao usiku wa kuamkia safari.

## Mbinu ya pili: akaunti ya mtandaoni

Inachohitaji. Intaneti mara mbili: unapopandisha faili kutoka kompyuta, na kifaa kinapolishusha, ama kupitia Bluetooth ya simu yenye bando au kupitia Wi-Fi. Watu husahau ile mara ya pili.

Hatua. Kwenye Garmin Connect, huduma ya akaunti ya Garmin, ndani ya kivinjari, ingia sehemu ya Courses, bonyeza Import, chagua faili, taja aina ya shughuli kuwa ni baiskeli, hifadhi, kisha bonyeza Send to Device na uchague kifaa chako. Hapo faili limewekwa kwenye foleni tu. Washa GPS, fungua Garmin Connect kwenye simu, sawazisha, usubiri imalize. Ndipo uangalie kwenye kifaa.

Anayetumia Strava, Komoot au Ride with GPS, huduma za kuchorea njia mtandaoni, anaunganisha akaunti hiyo na ya kifaa mara moja, na baada ya hapo njia zinashuka zenyewe. Kwa Strava zinashuka zile ulizozitia nyota peke yake, na kukosa nyota ndilo jibu la maswali mengi ya "mbona njia yangu haiji".

Kinachofika. Mstari unafika, na mara nyingi mwinuko unaongezwa na seva kama faili halikuwa nao. Hiyo ni faida ya kweli. Alama za kando, kama kisima au duka la mafundi ulilolitia kwenye GPX, mara nyingi huachwa njiani. Jambo la kuangalia zaidi ni kusogezwa kwa njia. Komoot, unapoleta faili, hukuuliza kama ibaki na mstari wako au iuoanishe na njia inazozijua. Vichochoro vya katikati ya mawe na njia za ng'ombe kuelekea ufukweni vingi havimo kwenye ramani, hivyo ukichagua kuoanisha, kipande chako cha vumbi kinaweza kuvutwa hadi kwenye lami iliyo kilomita kadhaa kutoka hapo. Chagua mstari wa asili. Kisha linganisha umbali: faili lilikuwa kilomita 60 na njia iliyohifadhiwa inasema 67, basi imeguswa.

Panapokwama. Hapa ndipo ukimya unapoumiza. Simu yenye kubana chaji huua programu ya nyuma, na usawazishaji unakatika bila kukuambia. Una akaunti mbili, moja ya barua pepe ya zamani. Kompyuta imeingia hii, simu imeingia ile. Wi-Fi ya nyumba ya wageni inataka ufungue ukurasa uandike namba ya chumba, na GPS haina kivinjari cha kufungua ukurasa huo. Nyingi husoma mawimbi ya 2.4 GHz tu, hivyo ukiwashia kifaa intaneti ya simu, ipangie 2.4 GHz. Umeme ukikatika na ruta nayo inazimika. Simu yako ndiyo inabaki kuwa mlango.

Tena kuna siku seva zenyewe hazipo. Julai 2020 shambulio la kimtandao liliangusha huduma za Garmin Connect kwa siku kadhaa. Waya na NewFiles viliendelea kufanya kazi kama kawaida.

Inamfaa nani. Anayechora njia mtandaoni tangu mwanzo, mwenye vifaa viwili vinavyohitaji njia ileile, au anayetaka njia zake zihifadhiwe mahali pasipopotea kompyuta ikiibiwa. Mkiwa na desturi ya kuzunguka Jumamosi na mratibu akabadilisha njia Ijumaa jioni, mbinu hii inamfikishia kila mtu toleo jipya bila kuanza kusaka nyaya.

## Mbinu ya tatu: kutoka kompyuta hadi simu, kutoka simu hadi GPS

Inachohitaji. Simu, programu ya kifaa (Garmin Connect, ya Wahoo, Bryton Active, iGPSPORT au XOSS), na Bluetooth. Kwa vifaa vingi vya bei ndogo huu ndio mlango pekee. Bando dogo bado linahitajika kwa programu kama Garmin Connect, kwa kuwa njia hupanda kwenye akaunti kwanza ndipo ishuke kwenye kifaa.

Hatua. Peleka faili kwenye simu kwa waya wa simu, kwa Bluetooth, au jitumie WhatsApp kwenye gumzo lako mwenyewe; litume kama hati. Kwenye simu liguse, chagua kushiriki au kufungua kwa programu nyingine, na uchague programu ya kifaa chako. Itakuonyesha mstari kwenye ramani. Hifadhi, kisha tuma kwenye kifaa kikiwa kimewashwa na kiko jirani.

Kinachofika. Karibu sawa na mbinu ya pili. Vifaa vidogo visivyo na ramani huonyesha mstari tu, na hilo linatosha kwa barabara ya Usagara au Magu, ila katikati ya mji wenye kona kila mita hamsini utahitaji jicho kali.

Panapokwama. Mkia tena. Faili likipita kwenye barua pepe au kivinjari cha simu linaweza kutoka likiwa `.gpx.xml` au `.bin`, na programu yako haitajitokeza kwenye orodha ya kufungulia. Libadilishe jina kwenye kidhibiti mafaili. Ukishindwa kulipata lililotoka WhatsApp, kwenye Android liko ndani ya folda ya WhatsApp Documents.

Kosa la pili ni kuoanisha GPS kupitia menyu ya Bluetooth ya simu badala ya ndani ya programu. Simu itasema imeunganishwa, programu itasema haioni kifaa. Sahau kifaa kwenye menyu ya simu, anza upya ukiwa ndani ya programu, na uiruhusu kutumia mahali ulipo, maana Android za zamani haziruhusu kutafuta kifaa cha Bluetooth bila ruhusa hiyo.

Na subira inahitajika: ni faili moja moja. Kwa safari ya vipande vinane utaguza skrini mpaka uchoke.

Inamfaa nani. Anayepokea njia kwenye kundi la WhatsApp kuliko anavyochora mwenyewe, mwenye kifaa kisichokubali waya, au anayetegemea kompyuta isiyo yake.

## Ya dharura: OTG na memori kadi

Adapta ya OTG inageuza simu kuwa kompyuta. Inafaa zaidi kwa Edge za zamani zinazojitokeza kama flashi: chomeka adapta kwenye simu, waya wa GPS kwenye adapta, fungua kidhibiti mafaili, nakili faili kwenye Garmin/NewFiles, ondoa kwa usalama. Hatua na kinachofika ni vya mbinu ya kwanza, intaneti haimo. Panapokwama ni chaji, kwa sababu simu ndiyo inayoilisha GPS na ikiwa chini huweza kukata katikati ya kunakili, na pia Edge za MTP, ambazo simu nyingi hazizifungui.

Memori kadi inawahusu wenye vifaa vya mkononi kama eTrex 20 na 30 waliovifunga kwenye baiskeli. Toa kadi, iweke kwenye kisomaji, nakili GPX kwenye folda ya Garmin/GPX, rudisha. eTrex hizo zina kikomo cha pointi 10,000 kwa mstari mmoja, hivyo njia ndefu ipunguze kwa `-x simplify,count=2000` ndani ya GPSBabel; kwa barabara ya kawaida macho hayataona tofauti. Inamfaa mwenye kifaa hicho tayari. Hatushauri kununua kifaa kwa ajili ya kadi.

## Ukiwa katika hali hii

Faili ni lako, kompyuta ni yako, njia ina vipande visivyo kwenye ramani: waya. Usimpe seva nafasi ya kukusahihisha.

Njia inaishi Strava au Komoot na inabadilika kila wiki: akaunti, ukiwa na mazoea ya kuiona kwenye skrini ya GPS kabla ya kulala.

Umetumiwa GPX usiku na huna kompyuta: simu. Kagua mkia wa faili na alama ya kutoa hata hivyo. Kidhibiti mafaili kinaweza kulifungua kama maandishi.

Uko nyumba ya wageni, Wi-Fi ya ukurasa wa kuingilia: iache, tumia bando la simu kwa Bluetooth. Bando limekwisha na Edge yako ni ya zamani: OTG.

Unanunua kifaa sasa na hujui utatumia mbinu ipi: uliza duka swali moja, kama kinapokea njia kwa waya bila simu. Kinachokubali waya na simu kitagharimu zaidi. Kinachokubali simu pekee kinatosha kama simu yako ni nzima na programu yake inafunguka vizuri humo; ijaribu kabla ya kulipa.

Unavuka kwenda Ukerewe siku tatu, njia moja kila siku: pakia zote tatu kwa waya kabla ya kupanda meli, zipe majina UKR-1, UKR-2, UKR-3, fungua kila moja kwenye kifaa usome umbali wake, na GPX zilezile ziache kwenye simu ndani ya programu ya ramani isiyohitaji mtandao. Waya nao uingie begini, ule wa nyuzi nne.